Majibu ya Kipimo cha Dawa za Kulevya kwenye Damu Yanapotia Shaka

Simu ya namna hii huja maabara usiku, aghalabu baada ya Isha. Daktari wa zamu ana mgonjwa ambaye mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapumua mara sita au saba kwa dakika, na nduguze wamekuja na kipande cha karatasi ya foili walichokikuta mfukoni mwa shati lake. Maabara imeshajibu kwamba damu ni hasi. Swali la daktari ni fupi: hasi ya nini?

Kipimo cha uchunguzi wa awali hakisemi kama mtu ametumia dawa za kulevya au hakutumia. Kinasema tu kama kingamwili (protini inayonasa umbo moja maalumu) iliyomo kwenye kitendanishi (kemikali ya kupimia) imekutana na umbo inalolijua, kwa wingi unaozidi kiwango cha ukomo kilichowekwa na mtengenezaji, katika tone hilo la damu lililotolewa saa hiyo. Matatizo mengi tunayoitiwa huanza pale mtu anapolichukua jibu la swali hilo jembamba akalifanya jibu la swali pana. Yaliyobaki huanza mkononi mwa mgonjwa na ndani ya kichupa, kabla damu haijafika kwetu.

Kwa sababu hiyo njia ninayoifuata katika maabara yetu hapa Pemba huanzia nje. Nauliza kwanza damu ilitolewa saa ngapi, kwenye mkono upi, ikaingia kichupa gani, ikakaa wapi na kwa muda gani. Kisha nafika kwenye kitendanishi, na mwisho kabisa kwenye mashine. Mashine ina kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana, ya kuisemea kila asubuhi, ilhali kichupa hakina wa kukisemea.

Mgonjwa ana dalili zote, kipimo kinasema hasi

Sababu ya kwanza ya kuitafuta ni ya aibu kidogo, nayo ni kutumia kipande cha kupimia mkojo kwa kupimia damu. Vipande vingi vilivyomo kwenye makabati ya vituo vimetengenezwa kwa ajili ya mkojo, na ukomo wake kwa jamii ya afyuni (mofini na ndugu zake) ni nanogramu 300, au hata 2,000, kwa mililita moja, kwa kuwa figo hukusanya mabaki ya dawa na kuyafanya yawe mengi kwenye mkojo. Katika damu hali ni nyingine: mofini inayoweza kumlaza mtu asiamke huwa ni makumi au mamia machache ya nanogramu kwa mililita, na ndiyo maana maabara zinazopima damu huweka ukomo wa uchunguzi kwenye nanogramu 10 hadi 50. Anayedondosha seramu (maji ya damu iliyoganda) kwenye kipande cha mkojo ni kama anayepima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia ya karafuu. Mizani haikumdanganya, ila haikuhisi kitu. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kama haikutaja damu nzima, seramu au plazima (maji ya damu iliyozuiwa kuganda), kipande hicho hakikukusudiwa damu, na jibu lake lisiandikwe popote.

Sababu ya pili ni kwamba dawa aliyoitumia mgonjwa haimo kwenye orodha ya kipimo. Hapa maneno yenyewe hutuponza. Kipimo kilichoandikwa afyuni kimejengwa kuitambua mofini na ndugu zake wa karibu, kama kodeini. Methadoni, tramadoli, pethidini na fentanili huweza kuleta mboni ndogo na pumzi chache vilevile, lakini maumbo yao ni mengine, na kingamwili ya mofini huwapita kama haikuwaona. Mgonjwa aliyeamka baada ya kudungwa naloksoni (dawa inayoondoa athari za jamii hii), huku kipande cha afyuni kikibaki hasi, ndiye mgonjwa ambaye unapaswa kumfikiria methadoni au tramadoli kabla ya kufikiria kwamba kipande kimeharibika. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa kuwa tangu mwaka 2015 kuna kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini) Kidongo Chekundu, Unguja, na wateja wake wana ndugu na watoto majumbani wanaoweza kuinywa kwa bahati mbaya. Mteja wa methadoni akipimwa kwa kipimo cha afyuni pekee akatoka hasi, hilo ni jibu la kawaida na pengine la kufurahisha. Akitoka chanya, kuna kitu kingine alichokitumia juu ya methadoni yake.

Jamii ya benzodiazepini (dawa za kutuliza na kulaza) ina mtego wake. Kingamwili za vipimo vingi zimefundishwa juu ya oksazepamu au nodiazepamu, kwa hiyo diazepamu hudakwa vizuri, ilhali lorazepamu, klonazepamu na flunitrazepamu zinaweza kupita bila kuonekana, hasa kwa kuwa huchukuliwa kwa kiasi kidogo sana. Klonazepamu na flunitrazepamu zina tabia nyingine: katika damu iliyokaa vibaya, vimelea huzigeuza zikawa umbo la amino ambalo kipimo huenda hakilijui. Mirungi nayo iwekwe hapa. Kathinoni iliyomo ndani ya jani bichi huvunjika upesi mwilini, na vipimo vya amfetamini (dawa za kuchangamsha) ama huikosa ama huidaka kwa bahati; mtu aliyetafuna mchana kutwa anaweza kutoka hasi bila ya mtu yeyote kukosea.

Sababu ya tatu ni muda. Heroini, ambayo vijana wa maskani huiita unga, haikai ndani ya damu. Nusu yake huvunjika kwa dakika mbili hadi tano ikawa monoasetilimofini, nayo hiyo hupungua nusu kwa chini ya nusu saa ikawa mofini, na mofini hupungua nusu kila baada ya saa mbili au tatu hivi. Damu ni shahidi wa muda mfupi kuliko mkojo. Mgonjwa aliyeokotwa alfajiri huko Micheweni, akasubiri gari, akapelekwa Wete, kisha Chake Chake, na damu yake ikatolewa adhuhuri, anaweza kuwa na mofini iliyoshuka chini ya ukomo ingawa mkojo wake bado umejaa ushahidi. Kwa hiyo fomu isiyo na saa ya kutolewa damu nairudisha. Wauguzi hunung'unika, nami nawaelewa, lakini bila ya saa hiyo jibu langu halina maana.

Sababu ya nne ni kichupa chenyewe. Kichupa cha jeli, ambacho wodi hukipenda kwa sababu seramu yake hujitenga safi, kinafaa kwa mambo mengi lakini hakifai kwa kazi hii. Jeli hufyonza dawa zinazopenda mafuta, zikiwemo baadhi ya benzodiazepini na dawa za zamani za sonona, na kadiri damu ilivyo kidogo na inavyokaa muda mrefu juu ya jeli ndivyo kinachofyonzwa kinavyozidi. Kwa dawa za kulevya na kileo omba kichupa cha kizibo cha kijivu, chenye floridi ya sodiamu na oksaleti ya potasiamu. Floridi huvizuia vimeng'enya vya damu visiivunje kokeini, ambayo katika kichupa cha kawaida huendelea kupungua hata baada ya damu kutoka mwilini, na huwazuia vimelea wasitengeneze kileo. Kijazwe hadi alama. Kikijazwa nusu, chumvi hizo huzidi na chembe nyekundu hupasuka. Kikifurikishwa floridi haitoshi. Kisha kigeuzwe juu chini taratibu, mara nane hadi kumi, bila ya kukitikisa.

Kila sampuli inatoka chanya

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa niliwahi kuiona kwa macho yangu katika kituo kimoja nilichoitwa kusaidia. Asubuhi moja sampuli 11 zilitoka chanya kwa dawa zote tano za kipande, na miongoni mwazo ilikuwamo damu ya mtaalamu mwenyewe, aliyeamua kujipima ili ahakikishe. Alikuwa amekaa juu ya kibao, uso umemshuka. Aliponionesha vipande, kila kimoja kilikuwa na mistari miwili iliyokoza, mmoja kwenye C (mstari wa kuhakiki kipande) na mmoja kwenye T (mstari wa kinachotafutwa). Kijana huyo alikuwa ametumikia miaka mitatu kwenye meza ya malaria, na macho yake yalishazoea kwamba mistari miwili ni chanya.

Vipande vya dawa za kulevya husomwa kinyume. Dawa ni molekuli ndogo mno, haiwezi kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja kama protini ya vimelea vya malaria inavyoshikwa, kwa hiyo kipande chake hufanya kazi kwa ushindani. Dawa iliyomo kwenye damu na dawa iliyochorwa kwenye mstari wa T hugombania kingamwili moja yenye rangi. Damu ikiwa haina dawa, kingamwili yote hufika kwenye T na mstari huonekana. Damu ikiwa na dawa nyingi, kingamwili hukamatwa njiani na T hubaki peupe. Mistari miwili ni hasi. Mstari wa C peke yake ni chanya. C isipotokea, kipande ni batili hata kama T imekoza namna gani. Na T ikiwa hafifu kama uzi wa buibui bado ni mstari, na jibu ni hasi. Hakuna chanya hafifu kwenye kipande cha aina hii, ingawa nimeiona ikiandikwa kwenye daftari zaidi ya mara moja. Tulichapa picha mbili, ya malaria na ya dawa za kulevya, tukazibandika ukutani mbali mbali, na juu ya ile ya pili tukaandika kwa herufi kubwa: HAPA NI KINYUME.

Muda wa kusoma nao umewekwa kwa sababu. Kama karatasi inasema dakika tano, kipande kilichosahauliwa nusu saa huanza kukauka na kuonesha mistari ambayo haikuwapo. Weka saa ya jikoni juu ya meza.

Kwa wanaotumia sahani za ELISA, yaani sahani zenye vishimo ambamo jibu husomwa kwa ukali wa rangi, kanuni ya kinyume ni ile ile: rangi nyingi maana yake ni dawa kidogo. Anayelikumbuka hilo atatatua nusu ya matatizo kwa kufikiri tu. Sahani nzima ikitoka na rangi iliyopauka, yaani kila kishimo kinaonekana chanya, uliza kama vitendanishi vilitolewa kwenye friji na kutumiwa vikiwa baridi. Viache nje mpaka vifikie joto la chumba. Kinyume chake, sahani ikitoka na rangi kali kila pahala na hata kontroli chanya ikaonekana hasi, shuku uoshaji. Kimeng'enya ambacho hakikuoshwa kikatoka hubaki kishimoni, hutia rangi isiyostahiki, na hivyo hulificha jibu chanya. Mwenzangu aliyezoea ELISA za maambukizi atakwambia uoshaji mbaya huleta chanya za uongo. Huko ni kweli, lakini huku huleta hasi za uongo, na hizo ndizo za khatari zaidi kwa sababu hakuna anayezilalamikia.

Chanya kwa mtu anayeapa kwamba hajatumia

Kabla ya kumwona muongo, tafuta karatasi ya matibabu yake. Chukua mfano wa mchumaji karafuu aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu, jambo ambalo kila msimu huliona. Amevunjika paja, ameletwa akilia, akadungwa mofini kwa maumivu na diazepamu ili atulie, na saa mbili baadaye mtu akafikiria kwamba pengine alipanda mti akiwa amelewa, ndipo damu ikatolewa. Itatoka chanya kwa afyuni na kwa benzodiazepini, na kipimo kitakuwa kimesema kweli tupu. Tatizo ni kwamba dawa zote mbili zimetoka kwetu. Swali la kuuliza wodini ni moja: alipewa nini kabla ya damu kutolewa, na saa ngapi? Na kama damu imetolewa kupitia mrija ule ule uliopitishiwa dawa, itolewe nyingine kutoka mkono wa pili.

Baada ya hapo zifuate dawa za dukani. Kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi hugeuzwa na ini kuwa mofini, na kipimo cha afyuni hakiwezi kutofautisha. Mashine ya uthibitisho (kromatografia, inayotenganisha dawa moja moja) inaweza: kwa aliyekunywa kodeini muda si mrefu, kodeini ndiyo inayozidi, kwa aliyetumia heroini ya mtaani, mofini ndiyo inayozidi, na kodeini kidogo huonekana pembeni kwa sababu heroini hiyo hubeba takataka za mmea wenyewe. Ikipatikana monoasetilimofini, mjadala umekwisha, kwa kuwa kodeini haiwezi kuileta, na vidonge vya mofini haviwezi.

Kisha zipo dawa halali kabisa ambazo hufanana umbo, au sehemu ya umbo, na kile kinachotafutwa. Taarifa nyingi za makosa haya zimetokana na vipimo vya mkojo, na hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini kingamwili ni zile zile na tahadhari ni ile ile. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na ofloksasini na levofloksasini, zimewahi kuviwasha vipimo vya afyuni. Efavirenzi, ambayo siku hizi wengi wamehamishwa kutoka kwayo, iliwasha vya bangi na vya benzodiazepini. Difenhidramini ya mzio imewahi kuonekana kama methadoni. Amfetamini ndiyo yenye marafiki wengi wa uongo: pseudoefedrini ya mafua, ranitidini ya tumbo, klorpromazini ya wagonjwa wa akili, na labetaloli. Hii ya mwisho naitaja kwa msisitizo kwa sababu hupewa mama wajawazito wenye presha. Mama wa namna hiyo akipimwa na jina la amfetamini likavuja nje ya mlango wa wodi, katika kisiwa ambacho kila mtu anamjua shangazi wa mwenziwe, hakuna barua ya kusahihisha itakayolirudisha. Chanya ya uchunguzi wa awali aambiwe daktari, kwa maneno kwamba bado haijathibitishwa, na mtu mwingine asiambiwe.

Uchunguzi umesema chanya, uthibitisho umesema hasi

Sampuli zetu zinazohitaji uthibitisho huvuka bahari kwenda Unguja, na jibu linaporudi tofauti na letu, kila upande humwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Mara nyingi pande zote mbili zimesema kweli.

Mofini ndani ya mwili hufungwa na ini kwenye sukari maalumu, ikawa mofini glukuronidi, na sehemu hii iliyofungwa hubaki kwenye damu muda mrefu kuliko mofini huru. Kingamwili nyingi za uchunguzi huziona zote mbili. Mashine ya kromatografia, isipotanguliwa na hatua ya kuifungua glukuronidi kwa kimeng'enya au asidi, huhesabu mofini huru peke yake, na kwa mtu aliyetumia jana inaweza isiione kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubishana, uliza: mmepima mofini huru au mofini yote?

Bangi ina mkasa wa namna hiyo hiyo. Kiini chake chenye kulevya, THC, hupanda kwenye damu ndani ya dakika chache za kuvuta na kushuka upesi, ilhali baki lake la asidi hubaki kwa siku kadhaa. Kipimo cha awali hulidaka baki. Mashine iliyoagizwa kutafuta THC yenyewe hairudi na kitu. Zaidi ya hayo THC hupenda kugandamana na plastiki na vizibo vya mpira, na sampuli iliyosafiri siku mbili ndani ya kichupa cha plastiki kilichojaa robo tu hufika imepungua. Kioo ni bora, na kichupa kijae hadi alama. Na pale ambapo maabara moja imepima plazima na nyingine damu nzima, msishangae tarakimu zikitofautiana, kwani THC haiingii sana kwenye chembe nyekundu, na damu nzima huwa na takriban nusu ya kile kilichomo kwenye plazima. Andika kwenye fomu ulichokipima.

Kontroli imeanguka

Tunatumia kontroli mbili, moja robo chini ya ukomo na nyingine robo juu yake. Ya chini isome hasi, ya juu isome chanya. Ikianguka moja, rudia mara moja kwa kichupa kipya cha kontroli, kwa sababu pengine ile ya zamani imekaa wazi ikakauka au imepita siku zake. Zikisoma zote mbili jibu moja hata kwa kichupa kipya, tatizo liko kwenye kitendanishi, na mimi huanza kwa kwenda kuifungua friji.

Umeme wa Pemba huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, nasi tunaushukuru, lakini hukatika, na Unguja bado wapo wanaokikumbuka kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika mazingira haya watu wamejenga mazoea ya kuizungusha swichi ya friji hadi mwisho, ili baridi iwe akiba umeme ukikatika. Matokeo yake ni kwamba chupa zilizosukumwa nyuma, zikagusana na ukuta wa friji, hufanya ganda la barafu usiku na kuyeyuka asubuhi kabla mtu hajaziona. Kingamwili iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa hudhoofika, na hakuna mashine itakayoifufua. Ukitaka kujua, tazama chupa za nyuma: lebo zake huwa zimekunjamana kwa maji na kofia zake zina tone la unyevu kwa ndani. Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kisomwe kila asubuhi, na chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 2 kitupwe hata kama tarehe yake ni ya mwakani. Inauma, kwa bei zake, lakini kitupwe.

Vipande vya kupimia havitaki friji bali vinauogopa unyevu. Mfuko ukifunguliwa kabla ya sampuli kuwa tayari, wakati wa masika, karatasi hulegea na damu hupanda polepole au husimama njiani bila ya kufika kwenye C. Kifuko kidogo cha punje za kukaushia kikiwa kimebadilika rangi ndani ya mfuko ambao haujafunguliwa, mfuko huo umetoboka.

Damu nyekundu, damu ya maziwa

Plazima iliyogeuka rangi ya sharubati ya zabibu imeharibiwa na chembe nyekundu zilizopasuka. Vipimo vinavyosoma mwanga, hasa vinavyosoma kwenye nanomita 340, hubabaishwa na rangi hiyo. Sababu zake huzijua kila mchukuaji damu: sindano nyembamba, bomba lililovutwa kwa nguvu, spiriti ambayo haikuachwa ikauke. Yetu ya pekee ni kasha la barafu. Vichupa vilivyolazwa moja kwa moja juu ya barafu ngumu huganda upande mmoja, na damu nzima iliyoganda ikiyeyuka haina plazima tena. Tia kitambaa au gazeti lililokunjwa kati ya barafu na vichupa.

Plazima nyeupe kama tui hutokana na mafuta, nasi huipata zaidi mwezi wa Ramadhani, damu inapotolewa saa mbili baada ya futari. Izungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungushia vichupa) kwa kasi zaidi ili mafuta yapande juu, uchukue ya chini. Kama bado ina ukungu, subiri sampuli ya kabla ya futari, iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri.

Kileo

Ngozi ipanguswe kwa kitu kisicho na spiriti. Kama damu ya mgonjwa mahututi imeonesha kileo kidogo kwa njia ya kimeng'enya na hakuna harufu wala historia, fikiria asidi ya laktiki iliyopanda, ambayo inaweza kuidanganya njia hiyo, na uombe ipimwe kwa kromatografia ya gesi. Kumbuka pia kwamba seramu husoma kileo juu kuliko damu nzima, kwa kiasi cha asilimia 12 hadi 18, jambo ambalo wakili hodari atalijua hata kama wewe hukulijua.

Sampuli ya maiti

Kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna nafasi ya pili. Damu itolewe kwenye mshipa wa paja, isitolewe moyoni, kwa sababu baada ya kifo dawa hutoka kwenye ini, mapafu na nyama ya moyo na kuingia kwenye damu iliyo karibu, na tarakimu ya moyoni inaweza kuwa kubwa mno kuliko ilivyokuwa mtu alipokuwa hai. Andika ilikotolewa. Ukiweza kupata na mkojo, uchukue.

Jibu ni sahihi, karatasi ndiyo mbovu

Kwa sampuli za polisi, au za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Zanzibar iliyoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2021, kichupa ni kielelezo cha mahakamani. Kila mkono kinaoupitia utie saini na saa, na nafasi moja iliyoachwa tupu kati ya Mkoani na bandari ya Malindi inatosha kukiua kielelezo ambacho kemia yake haina doa. Bahari ikichafuka wakati wa kusi na boti ikaahirishwa, sampuli irudi kwenye friji yenye kufuli, na kurudi huko nako kuandikwe. Kasha lisilale nyumbani kwa dereva.

Katika jibu lenyewe usiandike "hasi" ukaliacha neno hilo peke yake. Andika dawa zilizotafutwa kwa majina, ukomo uliotumika, aina ya sampuli, saa ya kutolewa, na kwamba ni uchunguzi wa awali. Daktari wa usiku ule angelipata jibu la namna hiyo, angeliona mwenyewe kwamba methadoni na tramadoli hazikutafutwa, na simu yake ingelikuwa ya kuomba zitafutwe.

Tangu mwanzo damu itolewe vichupa viwili. Cha kwanza ndicho kinachofunguliwa, kinachorudiwa, na kinachokwisha. Cha pili hakiguswi; kikae kwenye jokofu la nyuzi 20 chini ya sifuri mpaka daktari au mahakama iseme kimemaliza kazi, kikiwa wima, kimeachiwa nafasi juu ili kisipasuke kikiganda, na lebo yake iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida hutoka pamoja na barafu.